Bwana wa Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 5 Agosti 1912. Rumonge.
Miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke Tabora. Nilimwambia mama nachukua mizigo mpaka ziwani, narudi kabla ya mavuno. Mavuno ya mwaka gani, sikutaja. Mjanja!

Mgongo umechoka na kuni za meli ya Wadachi. Jumamosi nahodha Hadji anavuka kwenda ng'ambo, kwa Bula Matari, Wabelgiji wa Kongo, kwenye kazi ya reli. Mwaka mmoja huko, kisha nyumbani, na nguo za mama mkononi. Kaniwekea nafasi. Sharti: mtu mmoja, furushi moja. Nami nina mbuzi jike asiyezaa, jembe lililolika, kigoda cha miguu miwili na nusu, na koti la askari lisilo na mikono. Nimejaribu kuuza. Hata bure wanasitasita. Basi nitagawa, tena kwa heshima, wanikumbuke!

Jumanne, 6 Agosti.
Mbuzi nimempa mzee Ndabaniwe, mwenye michikichi upande wa Kigwena. Nilitaka kutoa kwa Kirundi. Kwetu kugawa, kwao nimesikia kugaba. Neno lile lile, limebadili kanzu. Nikasema: ndakugabiye. Mzee akainuka. Akapiga makofi taratibu, akaniita databuja. Nadhani ni asante. Watu wa hapa wana adabu!

Mbuzi alinitazama nikiondoka. Mama alikuwa na mmoja wa rangi hiyo, mwizi wa mtama ulioanikwa. Mama alikuwa akimtukana kama mke mwenza, na jioni anamkuna shingo. Nilikaa kidogo njiani. Moshi machoni. Hapakuwa na moto.

Jumatano, 7 Agosti.
Vyote vimekwenda, kwa neno lile lile. Jembe kwa mvuvi, koti kwa mdogo wake, kigoda kwa mfinyanzi. Wote makofi, wote databuja. Nyumba tupu! Nilikohoa, nayo ikakohoa.

Alhamisi, 8 Agosti.
Balaa. Ndabaniwe kaleta mtungi wa pombe ya ndizi. Mimi Mwislamu! Mvuvi kaleta kapu la ndagala, dagaa wa ziwani. Mdogo wake anajenga ua ambao sikuuomba. Mfinyanzi, vyungu vitatu. Nyumba imejaa kuliko Jumatatu.

Nikamwuliza jirani yangu Sikuzani, mkaanga samaki, mzaliwa wa hapa. Alicheka mpaka samaki wakaungua. Akasema: we Mnyamwezi, umekuwa mutemi lini? Kugaba iko ya mukubwa anayempa mutu ng'ombe. Aliyepewa anakuwa mutu wake, anamuletea pombe, anamujengea. Na databuja iko "bwana wangu". Kisha akanipigia magoti, mwiko mkononi.

Nilipaswa kuona aibu. Badala yake nikamwomba alitamke tena. Miaka mitatu hapa naitwa "wewe wa kuni".

Ijumaa, 9 Agosti.
Ubwana una kazi. Baada ya sala, mvuvi na mdogo wake walitaka niwaamulie ugomvi wa koti. Nikaamua wavae kwa zamu. Wote wawili wamenuna.

Ndabaniwe akauliza kwa upole nani atamsemea mbele ya wakubwa nikivuka. Bwana haachi watu wake, akasema, kwa hiyo tunavuka wote. Mkewe ameshafunga mizigo!

Sikuzani anasema njia iko moja: kunyaga. Chukua ulichotoa, wako huru, nawe uko huru.

Jumamosi, 10 Agosti.
Watu wangu wanne, wake zao na mtungi, wote ndani ya mashua. Hadji akaniuliza kama nahamisha kabila. Nikatamka kunyaga. Jembe likarudi. Koti. Kigoda. Wakashuka mmoja mmoja bila kunitazama. Wa mwisho Ndabaniwe, na mbuzi. Aliuliza amekosa nini. Pombe ilikuwa chachu? Akaniwekea kamba kiganjani kwa mikono miwili.

Hadji akanitazama: furushi, jembe begani, kigoda kichwani, mbuzi. Akarudia sharti lake. Nikatua kigoda mchangani. Mfinyanzi akasogea, makofi tayari. Nikakiokota haraka! Mashua ikasukumwa. Nafasi yangu imekaliwa na gunia la chumvi.

Jumapili, 11 Agosti.
Hadji anavuka tena Mfungo Mosi ukiandama. Safari hii sikosei. Jana nilimsikia mwenye ng'ombe akimwachia jirani wanyama wake kabla ya safari: ndakuragije. Jirani akapiga makofi, akaahidi kumtunzia mpaka arudi. Linafanana na kuaga. Hilo ndilo! Sikuzani simwulizi, atacheka tu. Kesho asubuhi nampelekea Ndabaniwe mbuzi, kwa neno hilo. Mama, mwakani Mfungo Tatu, siku ya kuchinja, niko mlangoni.