Ng'ombe Kumi na Sita, Vitu Elfu Nne

Jumatatu, 4 Machi

Hesabu zote anazozijua mjukuu wangu nilimfundisha mimi. Zote! Mpaka zile zenye herufi za Kigiriki.

Haya, uongo. Nilimfundisha kuhesabu ng'ombe mpaka wanane, kwa sababu bandani kwangu ndio hao tu. Mengine kayatoa chuo kikuu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatujaelewana mpaka leo.

Sasa kaja kazini kwangu. Mtakwimu! Kavaa buti kubwa kuliko yeye. Maabara imemtuma amalize ubishi wangu na Bosi. Mimi nasema ng'ombe akiimbiwa wakati wa kukamuliwa, maziwa yake yanakuwa mengine kabisa. Bosi anasema mashine ya kukamulia imeshaagizwa, na haiimbi. Tukakubaliana. Banda langu, ng'ombe wanane, nimewaimbia miezi miwili. Banda la Msumari, wanane, kimya. Msumari ni mkamuaji mwenzangu: mwembamba, kichwa kipana, ukimgusa anachoma. Maziwa yakipishana, nabaki na banda langu. Yasipopishana, mashine inaingia, mimi natundika ndoo na kwenda nyumbani. Miaka thelathini na moja, halafu nitundike ndoo!

Leo wamechukua vichupa vya duru ya kwanza. Duru ya pili ni Ijumaa. Niliimba kwa nguvu mpaka Msumari akauliza nani kafiwa.

Jumatano, 6 Machi

Majibu ya duru ya kwanza! Kumbe ile mashine ya maabara haipimi mafuta tu. Katika kila kichupa inapima vitu elfu nne. Elfu nne! Vingine havina hata jina, vina namba tu. Na mimi miaka yote nimekamua nikidhani mle ndani kuna maziwa.

Mjukuu anasema anatafuta wastani. Unajumlisha wanane wangu, unagawa kwa nane. Wa Msumari hivyo hivyo. Unalinganisha. Nikasema hilo hata mimi naliweza, akanipa karatasi. Nimepitisha kidole mstari kwa mstari hadi saa sita. Kitu namba 2,311: wangu juu, wa Msumari chini, mbali kabisa! Nikatoka mbio. Nikamtangazia Msumari, nikamtangazia mlinzi, nikautangazia na ukuta.

Mjukuu akanikalisha juu ya ndoo. Akasema, Babu wee, hata ningewagawa ng'ombe hawa nimefumba macho, katika vitu elfu nne kama mia mbili hivi vingejitia vimepishana, kwa bahati tu. Mia mbili! Na mimi nimepata kimoja nikapiga vigelegele. Nimerudi kwenye karatasi kutafuta mia moja tisini na tisa vilivyobaki.

Alhamisi, 7 Machi

Simsemeshi. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia Bosi kwenye simu kwamba tofauti aliyoiona Babu haina maana. Haina maana! Mimi niliyembeba mgongoni! Nikaenda kukaa na ndama.

Akanifuata. Akasema si tusi, ni lugha ya takwimu. Tofauti yenye maana ni ile ambayo bahati peke yake ingeitoa kwa nadra sana. Nikamwambia basi walioitunga lugha hiyo hawakulelewa. Akacheka mpaka buti moja likamvuka. Nikacheka nami. Mnunie mtoto huyu uone kama utafika saa nne.

Kisha akanieleza kazi yake yenyewe, na hapa lazima nimpe heshima yake. Kipimo cha zamani cha kulinganisha vitu vingi kwa mpigo kinataka wanyama wawe wengi kuliko vitu. Sisi wanyama kumi na sita, vitu elfu nne. Kinakwama, kama mtu aliyeambiwa agawe kwa sifuri. Kwa hiyo yeye anachukua tofauti zote elfu nne na kuzikusanya ziwe namba moja tu. Halafu anafuta majina ya mabanda, anawagawa ng'ombe upya kwenye kompyuta, wanane huku, wanane kule, kwa kila njia inayowezekana. Njia ni elfu kumi na mbili mia nane na sabini. Kila njia inatoa namba yake. Kama namba yetu ya kweli inazishinda karibu zote, nyimbo zimefanya kazi. Kama inapotelea katikati yao, nilikuwa napiga kelele.

Sikusadiki. Nikajaribu kuzihesabu njia kwa vifuniko vya chupa. Ya thelathini na moja nikapotea. Kompyuta yake inamaliza zote kabla chai haijapoa! Na wala haina haraka ya kusema. Jibu mpaka duru ya pili ipimwe. Damu yangu hiyo!

Ijumaa, 8 Machi

Nimewaza. Yeye akichanganya ng'ombe mara elfu kumi na mbili ni sayansi. Mimi nikichanganya mara moja iwe dhambi?

Namba saba wangu ni Mvivu: maziwa kama maji yaliyoosha vikombe. Namba kumi na mbili wa Msumari ni Bibi Harusi: maziwa yanakaribia kusimama wima. Wote weupe, wote na doa jeusi ubavuni. Msumari alipokwenda kunywa chai nikawahamisha mabanda na kuwabadilishia vibao vyao vya shingoni. Akarudi, akakamua, asijue! Msumari hajawahi kumtazama ng'ombe usoni. Kalalamika tu kwamba Bibi Harusi leo kamwaibisha.

Mimi nimeimba kama bwana harusi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekamatwa. Na maziwa!

Mjukuu kaniita ofisini, kafunga mlango. Akasema namba saba wa Jumatatu na namba saba wa Ijumaa hawajuani kabisa. Lakini namba saba wa Ijumaa na namba kumi na mbili wa Jumatatu ni ng'ombe yule yule. Vitu elfu nne, Babu, ni kama sura. Wewe umebadilisha kofia tu. Na bandani hakukanyaga siku hiyo! Nimewahi kukamatwa na walinzi, na Bosi, na marehemu bibi yake mara zisizo na idadi. Na kichupa ni mara ya kwanza. Nikampigia makofi, kwa moyo mmoja.

Hakufurahi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nataka afukuzwe kazi. Makofi yakaniishia mikononi.

Nikakiri. Halafu nikamwomba aisogeze namba kidogo tu, mimi ni babu yake, mume wake wa kwanza. Akasema mume wake wa kwanza hatamfundisha wizi. Akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akawarudishia ng'ombe majina yao, akaandika yote kwenye ripoti, na mimi humo humo.

Jumatatu, 11 Machi

Jibu limetoka. Tulisimama ofisini kwa Bosi: yeye, Msumari, mimi. Mjukuu akasoma. Katika zile njia 12,870, njia 6,204 zimetoa namba kubwa kuliko ya nyimbo zangu. Katikati kabisa ya umati! Ng'ombe hawakusikia kitu. Au walisikia wakaamua kunisitiri. Ijumaa natundika ndoo.

Msumari akaanza kutabasamu. Mjukuu akamwambia taratibu kwamba kimya chake nacho hakikuzidi chochote, na mashine itaingia mabanda yote mawili. Ungeona lile tabasamu linavyotafuta pa kujificha!

Bosi akamuuliza kama ana uhakika, maana huyu ni babu yake mzazi. Akajibu kwamba ndiyo sababu amerudia hesabu mara tatu. Kasimama wima ndani ya yale mabuti, sauti haitetemeki, ananinyang'anya ndoo yangu kwa adabu zote. Miaka thelathini na moja sijaona kazi safi namna ile. Nilimpa mkono kama tunavyopeana wazee. Kisha nikaenda kumuaga Mvivu, nikakaa huko kidogo.

Jumanne, 12 Machi

Nimetafakari nikinyoa ndevu, nikajikata, nikaelewa. Kosa si la kuimba. Kosa ni maneno! Ng'ombe hataki maneno, anataka mluzi. Jirani yangu anao wawili. Mmoja nitampigia mluzi, mwingine nitamnunia. Wawili wanatosha: nimehesabu, njia za kuwagawa ni mbili tu, kompyuta itapata kupumzika. Wa mluzi nimeshamchagua. Yule mnene.

Mjukuu, najua unasoma daftari hili nikienda kuoga. Ijumaa ile ya duru ya pili, toroli liliponasa matopeni kabla ya kufika ofisini kwako, nani alikubebea sanduku zima la vichupa begani, na mgongo huu? Hujanilipa fadhila hiyo. Sitaki ripoti. Niachie vichupa viwili vitupu hapo mezani. Kalamu ya kuandikia majina nitatafuta mwenyewe.