Kivinjari Kimenichongea kwa Boke

Jumatatu, 2 Juni
Mzee Waitara wa Machochwe, baba wa mchumba wangu Boke, anataka nikamlindie mtama usiliwe na nyani. Nisipokwenda, uchumba basi. Nimemjibu kwamba niko Issenye, nachunga ng'ombe wa mjomba. Kumbe niko zangu mjini, mtaa wa Nyamisangura, nacheza pool. Akili ni mali!

Jioni Boke kanitumia kiungo cha bei za ng'ombe. Nikakifungua. Kivinjari kikaniuliza, tena kwa adabu, kama kinaweza kujua mahali nilipo. Mimi nimelelewa. Ukiulizwa ulipo, unasema. Nikabonyeza Ruhusu.

Jumanne, 3 Juni
Ukurasa ule kautengeneza Boke mwenyewe! Si bure kasomea kompyuta. Kanipigia, kanijulia hali, kisha kauliza kama siku hizi ng'ombe wa mjomba wanacheza pool. Kajua mpaka mtaa! Nimeona aibu, halafu nikajivunia. Kichwa kama kile hakijawahi kuingia ukoo wetu.

Nikamwambia nilifuata dawa ya kuogeshea ng'ombe, narudi Issenye leo leo. Okech wa bodaboda alikuwa na mzigo wa huko. Nimempa simu, ukurasa uko wazi. Itanichungia.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Okech alipata abiria wa Sirari, akaahirisha mzigo, akavuka mpaka kumsalimia shangazi yake. Boke kaniona Kenya! Kampigia dada yangu Neema kuuliza, naye kanifuata kwenye pool na habari. Mzee Waitara kasema nimekimbia mahari, heri amwoze Felix, jirani mwenye shabaha ya manati. Nimelia. Nampenda Boke kuliko pool, na si kidogo. Okech aliporudi nimemnyang'anya simu, nimepanda gari la Machochwe.

Ijumaa, 6 Juni
Nilipotoa shikamoo, Boke alikuwa ameshanitetea. Kamwambia baba yake kwamba mvivu kama mimi hawezi kutoroka mbali vile, iliyosafiri ni simu tu. Mzee kacheka mpaka kakohoa. Nimesamehewa! Mwanamke huyu ni dhahabu, simstahili.

Nimepewa dungu, kile kichanja cha mlinzi katikati ya shamba. Kutwa nimewapigia nyani kelele. Koo limekauka.

Kesho naifunga simu kwenye dungu, ukurasa wazi, naenda Mugumu kula nyama. Boke ataona sijabanduka. Shida ni kwamba nyani hawaogopi simu iliyonyamaza. Nitamwomba Boke awe ananipigia mara kwa mara, mlio uwafukuze.