Nchi Nzima kwa Dada Menka

Jumatatu, 4 Septemba
Dada Menka anakuja! Alhamisi, kutoka Melbourne! Kasema kwenye simu atatazama kwanza, kisha aamue: nyumba ya mama tuiuze, au arudi kuzeekea hapa Bitola. Kuuza! Tangu mama afariki naishi humu peke yangu, nazungumza na jiko. Hapana. Nitamzungusha Masedonia nzima mpaka asahau Australia. Nimetandaza ramani mezani. Ziwa Ohrid alfajiri, maji yakiwa bado usingizini. Msikiti wa Tetovo, maua ukutani kama sanduku la bibi harusi. Waalbania, Waturuki, Waroma, Wavlahi wachungaji, na sisi Wamasedonia, kila mmoja akituita kwake kwa lugha yake... Nimesinzia. Kahawa imemwagikia ramani, imefunika milima yote ya magharibi.

Jumanne, 5 Septemba
Sefedin amepata habari. Huyu ni jirani yangu, Mturuki, mgane, mwoka bureki, ule mkate wa matabaka unaong'aa mafuta. Kaniuliza, macho chini kama mwari, eti Menka bado anapenda bureki ya mchicha? Nikamjibu kwamba watu wa Australia hawali mafuta. Akacheka. "Vangel ndugu yangu, gari lako linakohoa likiteremka, sembuse kupanda! Nitawapeleka mimi." Ati! Anatafuta sifa. Safari ni yangu. Nimemshukuru kwa ubaridi.

Jumatano, 6 Septemba
Nimejifunza salamu ya Kialbania, ndefu, tamu, ya kuwatuliza wenyeji wetu wa Tetovo. Nimeijaribu kwa mama Shpresa, Mwalbania muuza mboga sokoni, mkono kifuani. Akanipimia vitunguu. Nimevichukua. Aibu.

Ijumaa, 8 Septemba
Menka yuko! Mvi tupu, kicheko kilekile. Alisimama uani, akanusa moshi wa hoho zinazochomwa mtaa mzima, akalia. Nikafungua ramani upesi. Kabla sijafika Ohrid, Sefedin huyo mlangoni na sinia la bureki. Alikuwa "anapita tu". Anapita kwenda wapi? Mtaa wetu unaishia hapa! Menka kala mpaka kalamba vidole.

Jumamosi, 9 Septemba
Tumeondoka asubuhi. Gari limekata roho kwenye mlima wa Gjavato. Menka kakaa juu ya jiwe, anacheka. Mara Sefedin, kwa bahati tu, na gari lake, chupa ya chai, na mto wa kukalia! Lazima mtu abaki kumngoja fundi. Mwenye gari nani? Mimi. Nikamwamuru Sefedin aifuate njia yangu, asipinde hata kidogo. Wakaenda. Nikajilaza majanini. Mawingu yalipita polepole, moja kama nyumba ya watawa, moja kama kondoo wa Wavlahi, na mimi katikati nikimwelezea dada kila kitu. Fundi alinikuta usingizini, natabasamu.

Jumanne, 12 Septemba
Wamerudi. Tetovo hawakufika! Skopje hawakufika! Wamekaa ukingoni mwa ziwa siku zote hizo, eti wanazungumza. Nilikuwa karibu kupasuka. Ndipo Menka akanishika mkono. "Vange, nyumba haiuzwi. Narudi." Nimejificha nyuma ya mlango nikalia kama mtoto. Mpango wangu umefaulu! Hata ukiwa nusu, una nguvu.

Jumapili, 17 Septemba
Menka anajifunza Kituruki. Hamu ya mila za watu hiyo, nimeiamsha mimi. Sefedin haishi kuja, maskini, upweke unamla. Leo kavaa suti, kaniketisha. Akasema mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii, basi ana ombi kubwa, kuhusu Menka. Nikamkatiza. Nikamwambia naelewa, ila haiwezekani: majira ya kuchipua tunakwenda mashariki, Kratovo na kwingineko, na safari hiyo ni ya ndugu wawili tu. Menka kacheka mpaka kashikilia meza. Sefedin akavua koti la suti, akaketi.

Nilimhurumia. Nimempa nafasi ya kutuazimisha gari lake.