Kuhusu Mashine Iliyonifanyisha Mtihani wa Kiingereza

Chaka,
Jumatatu asubuhi

Kwa Mkuu wa Idara ya Kiingereza, Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Mkuu,

Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, mvua imekataa kunyesha. Hizo ndizo salamu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikuyu hukijui, naambiwa kwenu ni Busia, na Kiingereza ndicho kimeleta haya yote. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo barua hii utaisoma polepole, na ukimaliza utaisoma tena.

Mjukuu wangu Watiri anasomea ualimu wa Kiingereza hapo kwako. Asipopita mtihani wa kuzungumza, muhula ujao hataenda kufundisha ile shule ya Kiganjo aliyopewa, atarudia mwaka mzima akiwa amekaa kwa meza yangu. Ni meza ya dirishani, inayotazama shamba, maana netiweki hushika hapo tu. Masomo ya kuzungumza mliyahamishia kwa kompyuta bila kuniuliza, na nyumba ni yangu. Malalamiko ni haya:

1. Mwalimu wenu, Bwana Simeon Nderitu, huingia nyumbani kwangu kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana. Hanisalimii. Mara ya kwanza nilidhani ni aibu, nikamwekea chai mbele ya hiyo kompyuta, kikombe cha wageni, na kiazi kitamu. Hakugusa. Nimemwekea mara kumi na moja. Mtu anaingia kwa watu mara kumi na moja, anakataa chai, halafu mnasema ati anafundisha kuzungumza. Kuzungumza na nani? Chai naimaliza mimi ikiwa imepoa, na sasa niko na kiungulia.

2. Huyo Bwana Simeon huita majina. Akisema Watiri, mimi huitika. Nifanye nini? Watiri ni mimi. Huku kwetu binti wa kwanza wa mtoto wako wa kiume hupewa jina lako, kwa hivyo huyo msichana ni mimi niliyezaliwa tena, ila yeye ni mwoga. Nimekuwa Watiri miaka sabini na nne, yeye ishirini na mbili. Siku ya kwanza nilipoitika, mtoto alinikanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga kwa sababu ya Kiingereza. Andika hiyo mahali.

3. Sasa mashine. Alhamisi iliyopita ulikuwa mtihani. Nilitarajia watu watatu wenye miwani, kumbe hakuna mtu. Mashine ndiyo inasikiliza dakika kumi, halafu inatoa alama. Mtoto aliambiwa azungumze juu ya nyumbani kwao. Akaanza na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. Hata mimi niliyekuwa hapo karibu sikumsikia, na nilikuwa nimenyamaza, Mungu ananijua, nachambua maharagwe.

Ndipo mbuzi wa jirani yangu Kihara akaingia kwa kabichi zangu, akilia kama ndiye ameibiwa. Nilisimama dirishani, nikamwita Kihara, nikamweleza kwa Kikuyu. Nilianza na mwaka ambao baba yake alihamisha ua, nikaja kwa huyo mbuzi, nikaja kwa mama ya huyo mbuzi, ambaye pia alikuwa mwizi. Sikutumia neno baya hata moja, ila yale manne. Nilipoketi, mashine ilikuwa inasema asante. Mtoto alikuwa amezungumza dakika mbili, mimi nane, na zote zimeandikwa Watiri. Alifunga kompyuta, akafunika uso kwa kitambaa cha meza, akaniambia, "Shosho, umenimaliza."

Tangu siku hiyo hali chakula. Nilikuwa na mtu mmoja tu asiyekula nyumbani kwangu, Bwana Simeon, na sasa wako wawili.

4. Kuna Payal, anayesoma na Watiri, wa lile duka la vitambaa la Nyeri mjini. Babu yake Thakorbhai aliniuzia kitambaa cha harusi yangu, na ni mtu wa heshima, akikupimia anaongeza kidole. Sina neno na huyo msichana. Lakini kwao kuna zulia na mlango unaofungwa, na hakuna mbuzi. Mashine itamsikia yeye peke yake. Je, mnapima Kiingereza ama mnapima zulia?

5. Kwa hivyo naomba, kwa heshima: mtihani ufutwe. Mashine itolewe chuoni, ibebwe na watu wanne, ikatupwe mbali. Bwana Simeon aje Chaka na miguu yake, amsikilize mtoto kwa masikio aliyozaliwa nayo, kikombe kikiwa mkononi. Sauti yangu irudishwe, dakika zote nane, maana sikumpa mtu. Na kama mnasema mashine haikosei, basi mpeni na yule mbuzi alama zake, kwani naye alizungumza, tena alizungumza kabla yangu. Akipita, mwandikeni chuoni. Akae huko, kabichi zangu zipone.

6. Ya sita sijaifikiria bado, lakini ipo.

Usiponijibu kufikia Ijumaa nitakuja mwenyewe, na nikija sitatumia kompyuta.

Nisalimie karani wako, askari wa lango, wanaopikia wanafunzi, na wote wa nyumbani kwako. Hata Bwana Simeon msalimie, mwambie kikombe chake bado kipo. Mashine usiisalimie.

Ni mimi niliyekasirika kwa adabu,

Watiri wa Ngatia (yule mkubwa)

Baada ya sahihi: Haya ya juu usiyasome. Nilikuwa nimeshabandika stempu wakati alama zilipoingia kwa simu ya mtoto. Amepata themanini na moja. Payal ana sabini na nne. Mashine imeandika kwamba Watiri ana sauti ya kusikika, hasitisiti, na anajiamini kuliko darasa lote, ila apunguze kidogo lugha ya nyumbani. Amekula sahani mbili. Halafu akaanza kusema ati lazima awaambie ukweli, nikamwambia ukweli ni kwamba Watiri alizungumza na Watiri amepita. Mashine iacheni hapo ilipo, muipanguse vumbi. Naambiwa mtihani wa pili ni tarehe kumi na nne. Nimeshapita kwa Kihara, nikamsalimia kwanza, nikamwomba siku hiyo asimfunge mbuzi.