Rubani wa Viganja Viwili vya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshinda! Kura saba kwa sita. Mimi ndiye Mtathmini wa Chama cha Wakusanyaji wa Sanamu za Anga. Niliyemshinda, Glavu, alikaa kwenye kona. Tunamwita hivyo kwa sababu hata chai anakunywa na glavu zake nyeupe. Cheo alikishika miaka kumi na miwili. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Hakucheka.

Nimekabidhiwa kijitabu cha utathmini, kurasa mia moja na arobaini. Nimesoma jalada. Mimi fundi miwani wa miaka ishirini, nani wa kunifundisha kuangalia?

Mke wangu aliuliza cheo hicho cha midoli kina mshahara. Si midoli, ni sanamu! Nimemsamehe.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imekuja yenyewe. Nesi mstaafu wa mtaa wa nyuma aliingia karakana yangu amekumbatia boksi lililofungwa kwa kitambaa cha meza. Pakiti nzima ya Kikosi cha Nyota! Sanamu sita nyuma ya dirisha la plastiki: Kapteni, Rubani, Fundi, Daktari, roboti, na mgeni wa kijani mwenye macho matatu. Halijafunguliwa tangu kiwandani.

Ilikuwa ya marehemu mumewe. Miaka tisa iliyopita mzee aliipeleka chamani. Glavu akaitupia jicho mara moja, akatangaza mbele za watu kwamba ni bandia. Watu wakacheka. Mzee wa watu akarudi nyumbani na boksi lake, na chamani hakutia mguu tena mpaka anafariki.

Nesi hataki kuiuza. Anachotaka ni kuiona kwenye kabati la vioo Jumamosi, siku ya maonyesho, pamoja na kadi yenye jina la mumewe. Basi. Aliniuliza kama inawezekana, akiangalia viatu vyake. Machozi yalinilenga. Nikamwambia, mama, hapa umefika, niachie boksi.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua kilichomponza marehemu. Rubani ana viganja viwili vya kushoto! Viwili! Kidole gumba cha mkono wa kulia kinaangalia nje, kama mtu aliyevaa viatu mguu usio wake. Glavu ataliona hilo kutoka mlangoni. Na Nesi atachekwa kama alivyochekwa mumewe.

Haitatokea mimi nikiwa hai.

Najua, kanuni ya kwanza ya chama ni kutofungua boksi la mtu. Lakini kanuni ziliwekwa na watu wasio na mikono ya kazi. Nilichemsha birika, nikapitisha mvuke kwenye selotepu polepole, ikabanduka yenyewe. Nikatoa kile kiganja kibaya. Nikachonga kipya cha kulia kutoka kwenye fremu ya miwani iliyovunjika, nikakipaka rangi, nikakibandika. Nikafunga boksi.

Ukikiona huamini! Hata kiwanda kingenipa kazi. Nilimwonyesha mke wangu. Akauliza mwenye boksi amekubali. Wanawake bwana, badala ya pongezi mtu anakuletea maswali.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu wangu.

Leo wateja walikuwa wachache, nikafungua kijitabu kutafuta maneno mazuri ya kuandikia ripoti. Mwishoni kabisa kuna nyongeza ya miaka mitatu iliyopita. Nanakili: “Kikosi cha Nyota, toleo la kwanza. Kwa kosa la kiwanda, Rubani ana viganja viwili vya kushoto. Hiyo ndiyo alama yake kuu. Rubani mwenye kiganja cha kulia si wa toleo hilo.”

Nilisoma mara nne. Marehemu alikuwa na kitu halisi miaka yote ile! Glavu alikosea kwa kutojua. Na mimi, kwa mikono yangu hii, nimekifanya bandia.

Majuto ni mjukuu, na wangu leo amekuja na mizigo yake yote.

Nilimwaga droo zote. Nilipepeta takataka za siku mbili. Kiganja cha zamani hakipo. Mke wangu alinikuta nimelala kifudifudi chini ya meza na tochi mdomoni. Hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Niliamka na akili. Jumatano mezani palikuwa na kibweta kimoja tu wazi, cha miwani ya Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke ambaye hata simu zikiita mbele yake huita kwa adabu. Alikichukua jioni ileile.

Nikaenda shuleni. Nilimweleza kwamba skrubu za miwani ile zina hitilafu, hatari kubwa kwa macho, lazima nizikague mara moja. Alinitazama mpaka nikajisikia nimechelewa darasani. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha, kiganja! Alisema amekikuta chini ya kitambaa cha kufutia, na tangu juzi anajiuliza kama siku hizi mafundi miwani wanatoa zawadi kwa wateja au vitisho. Nikasema ni zawadi, ila nimekosea mteja. Akaniambia niondoke.

Nilitoka pale nakimbia kwa furaha. Walinzi walidhani nimeiba.

Nyumbani nilichukua dawa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha, nikabandua kiganja changu. Kizuri vile, kiliniuma! Cha zamani kikarudi mahali pake. Selotepu tena. Rubani ana mikono yake miwili ya kushoto na mimi nina roho yangu mahali pake. Alhamdulillahi!

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulijaa. Nesi alivaa gauni la bluu, kadi ya mumewe ameshaiandika kwa mkono wake. Nilisoma ripoti yangu kwa sauti: toleo la kwanza, halisi, nyongeza ukurasa wa mwisho. Glavu akasimama, akaomba aangalie mwenyewe. Akatoa lenzi.

Alitazama viganja muda mrefu. Akatikisa kichwa, akasema kweli, na kwamba miaka tisa iliyopita alimdhalilisha mtu mkweli. Nikaanza kupumua. Kisha akageuza boksi. Akasema selotepu hii imefunguliwa.

Kijasho chembamba! Boksi lililochezewa haliingii kabatini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nesi ndiye aliyejibu. Alisema ni mumewe. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akiifungua na kuwafuta vumbi mmoja mmoja, kisha anafunga tena, maana aliwapenda kuliko kanuni za chama. Glavu akavua glavu. Zote mbili! Akampa Nesi mkono mtupu, akamwomba radhi, kisha akaliweka boksi kabatini yeye mwenyewe, na kadi mbele yake. Watu walipiga makofi. Nesi alilia, na mimi nikalia kwa sababu zangu.

Wakati wa kutoka Nesi alinivuta pembeni. Akasema taratibu kwamba mumewe hakuwahi kulifungua boksi lile hata siku moja. Na kwamba mtu aliyefunga vidonda miaka thelathini na moja anajua kitu kilichobandikwa jana. Hakutaka maelezo. Alisema mzee wake amepata heshima yake na hilo linamtosha. Alitaka nimwahidi tu kwamba sitatengeneza tena kitu cha mtu bila kuombwa. Niliapa kwa vyote nilivyonavyo. Moyo ulikuwa mwepesi, ningeweza kuapa chochote.

Nimemsimulia mke wangu yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema afadhali. Kweli, afadhali!

Jumanne, 12 Machi

Glavu alikuja karakana leo, mwenyewe, bila kuitwa. Anaingia hospitali kupasuliwa goti, wiki nzima. Ameniachia pakiti yake ya Majasusi wa Mwezi, sanamu nne, ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Alisema baada ya Jumamosi haoni wa kumwamini zaidi yangu. Tulishikana mikono. Nimeiweka rafu ya juu kabisa na sitaigusa. Ahadi ni deni.

Nimeitazama tu. Jasusi wa tatu ana sikio moja kubwa kuliko jingine. Maskini Glavu, macho yameshazeeka, hajaliona. Akitoka hospitali akalikuta limekaa sawa, atafurahi mno. Na tupa yangu laini ya kusugulia fremu hii hapa, halichukui hata dakika tano.