Kuna Mwenzangu Anauliza

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua! Namtaka yule binti fundi cherehani wa mlango wa pili, tena namtaka kufa. Ila sijui kama ana mchumba, na nikiuliza akasema anaye, uso wangu nitauweka wapi? Dawa nimeipata. Nitasema kuna mwenzangu anauliza. Akikataa, aibu ni ya mwenzangu, mimi naendelea kushona viatu vyangu kwa raha zangu. Akili ninazo, jamani.

Jumanne, 4 Machi
Hana mchumba! Nusura niruke. Halafu akauliza huyo mwenzangu yukoje. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema mrefu, mpole, ana sauti tamu. Mimi ni mfupi. Sauti yangu, dada yangu huwa anaifananisha na bawaba isiyo na mafuta.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Kinyozi wa jirani, hasimu wangu, ni mrefu na ana sauti tamu. Leo fundi kamtazama juu mpaka chini, kama anampima suti. Anadhani ndiye! Nikamkimbilia, nikamwambia mwenzangu amefupika. Akauliza amefupikaje. Nikasema maradhi. Kanipa pole, kaiinamia cherehani, mabega yakimtikisika. Maskini, ana huruma mno.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsimulia dada yangu. Kacheka hadi kakaa chini, kisha kasema niache ujinga, niende nikajisemee mwenyewe. Nimemsamehe. Mambo ya mapenzi hayajui.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kaja kibandani kwangu na kiatu kizima, hakina hata uzi uliolegea. Kakigeuza, kakigeuza. Mwisho, macho chini, kasema kuna mwenzake anauliza: akimpenda fundi viatu mmoja mfupi, mwenye sauti mbaya, atakubaliwa?

Moyo ukanipasuka. Mwenzake! Ni yule tu anayemuuzia vifungo, nani mwingine? Nikamjibu kwa heshima zote amwambie mwenzake asahau, mimi moyo wangu una mwenyewe. Akacheka, kisha hakucheka. Akachukua kiatu chake, akaondoka. Kinyozi alikuwa mlangoni pake, akamkaribisha kiti.

Nimejivunia sana. Wanaume wangapi wangeweza kuwa waaminifu namna ile?

Jumamosi, 8 Machi
Fundi hanisalimii. Bila shaka anamhurumia muuza vifungo. Haidhuru, Jumatatu namaliza mchezo, na safari hii sitarudia kosa. Habari za mwenzangu basi. Nitamwambia kuna binamu yangu anauliza.