Kidole Gumba, Mguu wa Kulia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkurugenzi katangaza: mkuu wa rekodi wa kliniki atateuliwa Ijumaa. Wagombea wawili. Mimi, Swaibu, mwenye akili. Na Rumaisa, mwenye subira. Mgonjwa wa kidole akija, Rumaisa humvua kiatu, akatazama, akauliza kinauma tangu lini, ndipo atafute msimbo wa ugonjwa kwenye orodha. Kidole kipi, mguu upi, bima wanataka kujua. Mafaili kumi na mawili kwa siku! Aibu.

Mimi nimebuni njia. Mvua imejaza maji Bwaise, nusu ya mtaa inajikwaa kwenye mawe yasiyoonekana. Nimehifadhi sentensi moja kwenye kompyuta: "Maumivu, kidole gumba, mguu wa kulia", na msimbo wake kabisa. Nabonyeza F4, inajiandika. Kwa nini kulia? Heshima tu.

Jumanne, 9 Septemba

Mafaili arobaini na moja! Rumaisa kumi na matatu. Nimepita mezani kwake nikipiga mluzi. Akaniuliza, "Kaka Swaibu, Bwaise nzima inaumwa kidole kimoja?" Nikamwambia ni mlipuko. Wivu huo.

Kasoro moja. Afande Oyat, polisi mstaafu, katoka kwa daktari na faili mkononi, sauti ya gwaride: "Kijana, kidole hii ilikatwa na lori mwaka tisini na mbili. Kama inauma, niambie iko wapi, niende niisalimie!" Foleni nzima ikacheka. Nimerekebisha faili lake: kushoto. Nimeongeza "pole".

Jumatano, 10 Septemba

Balaa. Kesho anakuja mkaguzi wa bima, kulinganisha mafaili ya vidole na miguu yenyewe. Wagonjwa wa jana wameitwa warudi. Mkurugenzi kasema ukuu ni wa yule ambaye mafaili yake yatakuwa kweli.

Nikapiga teke kabati la mafaili. Kidole cha mwisho, mguu wa kushoto. Nimeona nyota saa tano asubuhi! Rumaisa kaja na barafu, akataka kuniandikia faili. Thubutu! Apate faili la bure kwa maumivu yangu? Nimejiandikia mwenyewe. F4. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkaguzi ni Bi Perpétue, mzaliwa wa Bukavu, miwani, hana haraka. Akataka kuanza na mgonjwa wa karibu. Wa karibu nilikuwa mimi, nachechemea. Akasoma faili: gumba, kulia. Akatazama mguu niliouinua: kushoto. "Papa, ni huu ao ni ule?"

Nikikiri, mafaili yote yanaanguka, na ukuu nao. Nikasema ni huu wa kulia. Nikahamisha kuchechemea. Si kazi rahisi, hasa unapolazimika kukanyagia ule unaouma kweli.

Daktari Aloyo akanibonyeza gumba. Nikapiga kelele ya kiasi. Akasema haoni uvimbe, basi shida iko ndani, itahitaji sindano. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu faili halisemi uongo. Akashika sindano. Hakuwa na haraka hata yeye.

Bi Perpétue akaandika "sahihi". Nilitabasamu huku machozi yakinitoka. Bado arobaini na moja tu! Akaita wa pili. Kidole cha kati, kushoto. Wa tatu: kisigino. Wa nne alikuwa anaumwa sikio.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkuu ni Rumaisa. Mafaili yake yote kumi na matatu ni kweli. Kutafuta sifa tu!

Nimekuja na kandambili, viatu haviniingii mguu wowote. Amri yake ya kwanza: niletewe kiti cha pili cha kupumzishia miguu. Ukatili ulioje. Ya pili: kuanzia Jumatatu nitakaa pembeni yake, nitazame anavyouliza wagonjwa. Mimi! Nikamwambia sitaki kufundishwa kuuliza, na kwamba nakata rufaa kwa bodi.

Jumamosi, 13 Septemba

Rufaa tayari! Wengine wangekesha wiki nzima wakiandika. Mimi nimeipata mtandaoni, kurasa mbili, imeandikwa kwa uchungu sana. Nimebadilisha jina tu. Ukurasa wa pili nimeupitia kwa macho: kuna habari za ng'ombe na mpaka wa shamba. Nadhani ndivyo wanasheria wanavyosema.

Nimetuma.